Hiyo mashine mliyoisifu, iulizeni na swali lisilo na jibu

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaohangaika nao hapo chumba cha habari. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila barua huwa siandikagi, mara ya mwisho niliwaandikia kulalamikia chemshabongo iliyotoka bila majibu wiki mbili mfululizo na nadhani mliitupa. Safari hii naomba msiitupe. Ile makala yenu ya majuzi kuhusu kompyuta zinazojibu maswali nimeisoma mara mbili, mwandishi kaandika vizuri na sina ugomvi naye kabisa, ila pale aliposema mashine siku hizi zinasoma na kuelewa kuliko binadamu, alafu akairuka hiyo sentensi kama mtu anayeruka dimbwi, hapo nikaweka gazeti chini. Maana mimi mwenyewe nimekaa miezi najenga mfumo wa namna hiyo hiyo, wa Kiswahili, kwa laptopu yangu na usiku wangu, na yanayotokea huko ndani siyo hayo.

Kwanza hiyo sifa ilikotoka. Haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walitoa mkusanyo wa maswali unaoitwa SQuAD, zaidi ya maswali 100,000, yametungwa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Mtu anapewa aya ya Wikipedia, anaisoma, anatunga swali ambalo jibu lake limo mle mle kwenye aya, neno kwa neno. Mashine kazi yake ni kuonyesha jibu linaanzia neno lipi na kuishia neno lipi, basi, haielezi wala haijengi hoja, ni kama mwanafunzi unayempa penseli umwambie pigia mstari jibu. Binadamu waliopimwa kwa mtihani huo walipata kama 91 hivi kati ya 100 kwa kipimo kinachoitwa F1, nitakieleza mbele, na mwishoni mwa 2018 ikatoka modeli ya Google, yaani programu iliyojifunza kwa mifano, inaitwa BERT ikapata 93. Ndo hapo vichwa vya habari duniani vikaanza kuimba wimbo ambao nyie mmeuitikia majuzi.

Sasa angalia mtego ulipo. Kila swali lina jibu na jibu limo ndani ya aya. Ukishamhakikishia mtu hivyo wala hahitaji kuelewa sana. Swali limeanza na "lini", natafuta mwaka. Limeanza na "nani", natafuta jina la mtu lililo karibu na maneno ya swali. Sisi wenyewe mitihani ya ufahamu wengine tumeifaulu hivyo hivyo tusidanganyane, unasoma swali kwanza alafu unaruka ruka kwenye habari mpaka unaona neno linalofanana. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Stanford hapo hapo, Jia na Liang, walifanya kitu kidogo sana. Mwisho wa kila aya waliongeza sentensi moja inayofanana na swali lakini hailijibu, binadamu akisoma anaipita tu. Walijaribu modeli 16, wastani wa alama ukaporomoka kutoka 75 hadi 36. Sentensi moja! Mtu aliyeelewa habari haporomoki hivyo, anayeporomoka hivyo ni yule aliyekuwa anabahatisha kwa akili.

Ndo maana 2018 wenye SQuAD wenyewe wakatoa toleo la pili, wakaongeza maswali zaidi ya 50,000 yasiyo na jibu kwenye aya, yametungwa kwa makusudi yaonekane kama yana jibu. Hapo mashine ikalazimika kujifunza kitu ambacho hata binadamu wengi kinatushinda, kusema sijui. Na hiki ndicho nilichokuja kukisema leo Mhariri, hayo mengine yote ni maelezo: mfumo wa kujibu maswali upimwe kwanza kwa yale ambayo hauna jibu lake. Makala yenu ilisifu majibu tu, hakuna mahali mwandishi aliuliza hiyo mashine ilikaa kimya mara ngapi pale ilipotakiwa kukaa kimya.

Ngoja niwape yangu niliyoyaona. Kazini kwetu, sitapataja, kuna kitabu cha kanuni za wafanyakazi, kurasa mia na kitu, Kiswahili cha kisheria kile cha kukufanya usinzie. Kila mtu anauliza maswali yale yale, likizo, ruhusa, uhamisho, na hakuna anayekisoma. Nikasema mimi najua programu kidogo, nitajenga mfumo, mtu anaandika swali lake la kawaida anapata jibu na kifungu kilikotoka. Wenye mambo haya wanajua kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni mtafutaji, anapita kwenye maandishi yote anakuletea vipande vichache vinavyoelekea kuwa na jibu. Ya pili ni msomaji, anasoma hivyo vipande kwa makini na kuchomoa jibu. Mpango huo ulipata umaarufu mwaka 2017 na mfumo mmoja unaitwa DrQA, uliokuwa unajibu maswali kwa kutumia Wikipedia nzima ya Kiingereza, makala milioni tano na zaidi.

Watu wote macho yao yako kwa msomaji, maana kule ndiko uliko ujifunzaji wa kina, hiyo BERT na ndugu zake. Na kusema kweli ni kitu cha ajabu, sitaki nionekane mimi ni mpinga maendeleo. Imetengenezwa kwa kitu kinachoitwa transfoma, sio ile inayoning'inia kwenye nguzo ya umeme, ni mpango wa mtandao wa nyuroni, yaani hesabu zilizopangwa kwa kuiga ubongo, uliotolewa 2017 ambapo kila neno kwenye sentensi linayaangalia maneno mengine yote na kupima lipi linamhusu zaidi. Ilivyofundishwa kwanza ni kama lile zoezi letu la kujaza nafasi zilizoachwa wazi: inachukuliwa bahari ya maandishi, maneno ya Kiingereza kama bilioni tatu na kitu, asilimia 15 ya vipande vya maneno inachaguliwa na vingi vyake vinafunikwa, mashine inabahatisha kilichofunikwa, inakosea, inarekebishwa, inarudia mpaka basi. Ikimaliza hapo inajua lugha kiasi cha kwamba kuifundisha kazi mpya, mfano hiyo ya kupigia mstari jibu, ni saa chache tu kwenye mashine yenye GPU nzuri, ile chipu ya kupiga hesabu nyingi kwa mpigo.

Mimi nilichukua modeli ya lugha nyingi, ile iliyofundishwa na Wikipedia za lugha 104, Kiswahili kikiwemo, nikaifundisha, nikaipa kitabu cha kanuni, nikauliza maswali matano, ikajibu matano. Nikaita watu waje waone. Nilijisikia mkubwa sana siku ile acheni tu.

Wiki ya pili jamaa mmoja wa mkataba mfupi akauliza kama anaweza kuhamishia siku zake za likizo mwaka unaofuata. Mfumo ukamjibu ndiyo na kifungu ukamwonyesha. Jamaa akaahirisha likizo yake, mwaka ukaisha, siku zikapotea. Nikaenda kufungua kitabu. Kifungu kinasema kweli mfanyakazi anaruhusiwa kuhamisha siku alizobakiza, alafu aya inayofuata inaanza na neno moja, "Isipokuwa", na hao wa mikataba mifupi ndo wametajwa pale. Sasa hizi modeli haziwezi kumeza kitabu kizima kwa mkupuo, hiyo BERT mwisho wake tokeni 512, yaani maneno au vipande vya maneno, kwa hiyo maandishi unayakata vipande vipande, na mimi nilikata kwa aya. Kanuni ikabaki kipande kimoja, "isipokuwa" ikaenda kipande kingine, mtafutaji akaleta cha kwanza akaacha cha pili, msomaji akajibu kwa uaminifu kabisa kutoka kwenye nusu ya ukweli aliyopewa. Kosa langu mia kwa mia, na huyo jamaa mpaka leo tukikutana kwenye ngazi ananiita Profesa, na mnajua lile "Profesa" la namna ile.

Tangu siku hiyo vipande nakata vinapandana, mwisho wa kimoja unarudiwa mwanzo wa kinachofuata, na kipande kinachoanza na isipokuwa, lakini, hata hivyo, au bila kuathiri, hakitembei peke yake. Hiyo sio akili bandia jamani, ni usomaji wa kawaida, lakini imeokoa makosa mengi kuliko modeli yoyote kubwa niliyobadilisha.

Alafu kuna Kiswahili chenyewe, na hapa ndo ningependa wasomaji wenzangu wanisikilize maana makala yenu haikugusa kabisa, kana kwamba mashine ikijua Kiingereza basi Kiswahili itakuta njiani. Wa zamani katika utafutaji ni mbinu inaitwa BM25, inahesabu maneno ya swali yanavyojitokeza kwenye kipande na kuyapa uzito zaidi yale adimu. Kwa Kiingereza inafanya kazi vizuri mno, hata leo inasumbua modeli kubwa. Kwetu mtu anauliza "mbona sijalipwa", kifungu kinasema "malipo yatafanyika", kingine "atakayelipwa", kingine "wanaostahili kulipwa". Mzizi mmoja, lip, lakini kwa mashine inayolinganisha herufi hayo ni maneno manne ya watu wasiojuana. Neno letu moja ni sentensi ya wenzetu, hatukuwaambia, ndani mle kuna nani, lini, kuambia nani na kwamba halikutokea, vyote vimebanana kwenye herufi kumi na tatu. Na hizi modeli za lugha nyingi zina kamusi moja ya vipande vya maneno wanayogawana lugha zote, vya kwetu ni vichache, kwa hiyo neno refu la Kiswahili linakatwa vipande vitatu vinne, na sio pale ambapo mwalimu wa sarufi angekata, linakatwa popote.

Linaloniuma zaidi ni kukanusha. Anayestahili na asiyestahili. Tofauti ni "na" na "si", silabi moja tumboni mwa neno, lakini ukikosea hapo umempa mtu haki isiyo yake au umemnyang'anya iliyo yake. Watafutaji wa kisasa hawalinganishi herufi, wanageuza swali kuwa vekta, yaani msururu wa namba mamia kadhaa, na kila kipande nacho kinageuzwa vekta, alafu wanaangalia zipi zimekaribiana, mbinu hiyo ilishika kasi 2020. Ni nzuri kwa sababu "mshahara" na "ujira" zinakaa jirani hata kama herufi hazifanani. Lakini kwa ujirani huo huo anayestahili na asiyestahili nao wanakaa nyumba moja, maana yanatumika kwenye mazingira yale yale. Niliuliza nani hastahili posho fulani nikaletewa orodha safi kabisa ya wanaostahili. Mara tatu. Mwishoni niliishia kuandika kwa mkono kijiprogramu cha kukagua viambishi vya ukanushi kwenye swali na kwenye kipande, kitu cha kizamani kweli kweli, kijana mmoja wa mambo haya alinicheka.

Sio kwamba lugha yetu inaleta taabu tu. Kuna mahali inaisaidia mashine na sijaona wakilisema sana. Chukua "aliweka kikombe juu ya meza kikavunjika". Kilichovunjika ni nini? Kikombe, ile "ki" imeshasema. Ingekuwa "ikavunjika" tungelia meza. Kiingereza hapo kinatumia kijineno kimoja kwa vyote na mashine inabaki kubahatisha. Ngeli ambazo wageni wanazilalamikia darasani zinafanya kazi ya kidole, zinaonyesha kabisa kinachosemwa ni kipi. Modeli iliyofundishwa na Kiswahili cha kutosha ingepata hilo bure.

Tatizo ni hilo "cha kutosha". Nilipokosa maswali ya Kiswahili ya kuifundishia nikafanya wanachofanya wengi, nikachukua SQuAD ya Kiingereza nikaitafsiri yote kwa mashine, usiku mmoja, nikajiona mjanja. Asubuhi nikaanza kuisoma. Kwanza majibu yalikuwa hayaonekani tena ndani ya aya, kwa sababu jibu likitafsiriwa peke yake linatoka "shule" na ndani ya aya limetoka "shuleni", kwa hiyo kupigia mstari haiwezekani, maswali kibao nikayatupa. Pili, saa. Kiingereza kikisema saa nane asubuhi kwetu ni saa mbili asubuhi, kila mtoto anajua, lakini tafsiri ile iliacha namba kama zilivyo, nikawa nafundisha mashine kwamba kuna kitu kinaitwa saa nane asubuhi watu wanakwenda kazini. Fikiria mtu anauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi anajibiwa kwa saa za lugha nyingine zilizovaa nguo za Kiswahili. Na tatu, ambayo ni ngumu kuieleza, maswali yenyewe hayakuwa ya kwetu. Yalikuwa na harufu ya mtu aliyekwisha liona jibu.

Hapo nawapa heshima waliotengeneza TyDi QA mwaka 2020, ni watu wa Google, lugha 11 na Kiswahili kimo, maswali na majibu kama 204,000 kwa lugha zote. Wao hawakutafsiri. Walichukua wazungumzaji wenyewe, wakawaonyesha kipande kifupi cha habari kama kichocheo, wakawaambia uliza kitu unachotaka kujua kweli na ambacho hapa hakijajibiwa. Alafu jibu likatafutwa baadaye kwenye makala, na mara nyingi halikupatikana, wakaliacha hivyo hivyo, halina jibu. Ndo maisha yalivyo. Kuna pia KenSwQuAD, maswali na majibu zaidi ya 7,500 juu ya maandishi ya Kiswahili kilichokusanywa Kenya, na 2023 ikatoka AfriQA yenye lugha kumi za Afrika, Kiswahili ndani, mifano zaidi ya 12,000, na pale waligundua wazi kwamba mara nyingi mtu anauliza kwa lugha yake lakini jibu inabidi likatafutwe kwenye Kiingereza au Kifaransa kwa sababu kwa lugha yake hakuna aliyeliandika. Linganisha hizo namba na laki moja ya wale wa 2016 kwa lugha moja tu.

Niliahidi kimoyomoyo nitaeleza F1 maana ndiyo iliyowapa nyie kichwa cha habari. Kuna vipimo viwili. Kimoja kinataka jibu lifanane na la msahihishaji herufi kwa herufi. F1 ni mpole zaidi, anahesabu maneno mangapi yameingiliana kati ya jibu la mashine na jibu sahihi. Sawa. Lakini ile skripti, yaani programu ndogo, ya kusahihisha ya SQuAD, ambayo watu wanaibeba kwenye lugha nyingine bila kuifungua, kabla ya kulinganisha inageuza herufi zote ziwe ndogo, inafuta alama za uandishi, na inafuta vijineno vitatu vya Kiingereza, a, an na the. Kwa Kiswahili maana yake jibu sahihi likiwa "shule" na mashine ikajibu "shuleni" imepata sifuri, haina hata nusu alama. Na jibu likiwa "Kundi A", ile A inafutwa, kwa hiyo anayejibu "kundi" tu anapewa mia. Niligundua hilo kwenye kitabu cha kanuni ambacho kimejaa Jedwali A, Jedwali B. Mfumo wangu ulikuwa unapata alama za kununua kwenye Jedwali A wiki nzima bila mimi kujua. Kwa hiyo mtu akikwambia modeli yake imepata 93, muulize 93 ya nini na nani kasahihisha.

Turudi kwenye kusema sijui, maana ndiko nilikoanzia. Kiufundi sio kitu cha ajabu. Modeli inatoa alama kwa kila jibu linalowezekana, na inatoa alama nyingine kwa uwezekano wa "hakuna jibu hapa". Wewe mjenzi unaweka kizingiti, alama ya jibu isipoizidi ile ya "hakuna jibu" kwa kiasi hicho, nyamaza. Hicho kizingiti hakishuki kutoka kwenye hesabu, kinatoka kwenye dhamiri ya aliyekaa kwenye kiti. Nikikiweka chini mfumo wangu unajibu kila kitu na watu wanaufurahia. Nikikipandisha unasema "sikupata jibu kwenye kanuni, muulize afisa", na watu wanasema umeharibika. Nilikipandisha baada ya yale ya likizo. Wanaoutumia wamepungua, hilo nakiri, lakini hakuna aliyepoteza likizo tena.

Wazee wa kazi hii walikuwa wanajua mipaka yao, labda kwa sababu hawakuwa na jinsi. Mwaka 1961 kulikuwa na programu inaitwa BASEBALL inajibu maswali ya msimu mmoja wa mchezo huo wa Wamarekani na haigusi kingine. Mwaka 1971 ikaonyeshwa LUNAR, ya bwana William Woods, ikijibu maswali ya wanajiolojia kuhusu mawe yaliyoletwa kutoka mwezini, ikajibu sawasawa karibu asilimia 78 ya walichouliza, na ukitoka nje ya mawe hujibiwi. Hata ile Watson ya IBM iliyowashinda mabingwa wawili wa chemshabongo ya televisheni ya Marekani 2011, mimi ninachokumbuka sio ushindi. Mada ilikuwa miji ya Marekani, wakaulizwa mji ambao uwanja wake mkubwa wa ndege una jina la shujaa wa Vita Kuu ya Pili na ule wa pili kwa ukubwa una jina la pigano la vita hiyo. Ni Chicago. Watson ikaandika Toronto, mji wa Kanada, na watu wamelicheka hilo jibu miaka yote hii. Wanachosahau ni kwamba iliandika Toronto ikifuatiwa na msururu wa alama za kuuliza, na dau iliyoweka ilikuwa dola 947 tu wakati ilikuwa na maelfu. Ilijua kwamba haijui! Kwangu mimi lile ndilo jibu zuri kuliko yote iliyotoa siku zile.

Sasa hizi za leo, zinazotunga jibu zenyewe badala ya kupigia mstari, alama za kuuliza zimeziondoa. Zinakujibu kwa sauti ya mwalimu mkuu, kosa na kweli kwa sauti moja. Dawa mojawapo ilitolewa 2020, kuunganisha mtungaji na mtafutaji, yaani kabla ya kutunga ipewe kwanza vipande vya maandishi isome, na ndo karibu kila mtu anafanya hivyo sasa. Inasaidia sana tu. Lakini ukimpa fundi wa maneno kipande chenye nusu ya kanuni atakutungia jibu zima lenye kichwa na miguu, na "isipokuwa" bado imelala kwenye kipande cha pili. Nimejaribu nayo kwenye kitabu kile kile. Jibu lilikuwa tamu kuliko la mfumo wangu na lilikuwa na kosa lile lile, ila safari hii na salamu juu.

Kwa hiyo Mhariri nina ombi, na sio la kuchapisha barua hii tu. Nyie pale mna kitu ambacho wale wa TyDi walilipa watu ili wakipate. Mna magunia ya barua za wasomaji, miaka na miaka, Kiswahili cha watu wa kila namna, na nusu yake ni maswali ya kweli ya watu waliokuwa hawajui jibu, na mengi wala hamkuwahi kuyajibu. Yatoeni. Ondoeni majina, ondoeni anwani na namba za simu na chochote kinachomtambulisha mtu, muulizeni mwanasheria wenu kama inabidi, alafu muwape watafiti wa lugha hata kama ni barua za mwaka mmoja kwanza. Yale mliyoyajibu yaambatane na majibu yake, na yale mliyoyaacha yaandikwe hivyo hivyo, halina jibu. Mimi kazi ya kuyapanga niko tayari kusaidia bure jioni na Jumapili.

Na ile chemshabongo yangu pia itakuwa humo, msianze na hiyo.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi